Kutu ya Gari Lisiloelea

Chekeni kwanza, mmalize. Nina miaka ishirini na saba na nimestaafu.

Najua mstaafu hutakiwa awe na mvi, na goti linalojua mvua kabla haijanyesha. Mimi nina mkataba wa miezi sita tu, na kila Jumatatu nausoma upya nione kama bado unasema sita. Lakini kazi ninayosema nimeistaafu niliianza nikiwa darasa la tano, na miaka kumi na sita ni mingi kwa kazi yoyote ambayo mtu huifanya ameinama. Nilikuwa naunga magari madogo: yale yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, ukavikata, ukavipiga msasa, ukavibandika, ukavipaka rangi, hadi linasimama gari kamili lenye urefu wa kiganja. Nimeunga arobaini na moja. Sijaendesha hata moja la kweli.

Ninyi watano mliogawana vifaa vyangu mmeniomba niwaandikie siri za kazi. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilisomeka kama hotuba ya siku ya wazazi. Ya pili ilikuwa orodha ya maonyo, kumi na saba, na nilipoisoma mwenyewe sikutaka tena kushika gundi. Ya tatu niliifuta kwa sababu ambayo nimeisahau, na kuisahau kwenyewe kunanisumbua. Hii ya nne naiandika Mokowe, upande wa bara, saa ya chakula cha mchana, katika ofisi ya bati ya mradi wa barabara ninakofanya kazi. Nje kuna lori linanguruma, na nimeshainuka mara mbili kwenda kulitazama chini ya milango. Mtajua kwa nini.

Tuanze na mkono.

Kazi hii sikufundishwa na mtu wa magari. Amu ya utoto wangu, kisiwani Lamu, magari ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki vya kushikia kikombe. Katika vichochoro vya mtaa wetu punda wawili wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mjomba wangu, baharia, ndiye aliyeniletea boksi la kwanza kutoka bandari ya mbali. Aliona jinsi nilivyouyeyusha mlango kwa gundi, akasema "Subhanallah," akarudi melini. Aliyebaki nami ni Bi Zena, dada mkubwa wa mama yangu, mshonaji kofia.

Kofia ya vito ina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono. Ukikosea kimoja, macho ya msikiti mzima yataona hicho hicho. Bi Zena alinikalisha karibu na dirisha, mwanga ukija kutoka kushoto, akaniwekea sinia iliyotandikwa kitambaa cheupe, na akanitazama nikihangaika kubandika kioo cha pembeni kisichozidi punje ya mchele.

"Mkono watetema kwa kuwa wautizama," alisema. "Ata kuutizama. Tizama uendako."

"Na nikikosea?"

"Utafumua."

"Plastiki haifumuki, Bi Zena."

"Ndiyo maana mimi sishoni plastiki."

Basi shikeni hilo. Viwiko vigande mbavuni. Toa pumzi yote, halafu ndipo ubandike, kabla hujavuta nyingine. Vipande huja vimening'inia kwenye fremu kama ndizi kwenye kichane. Msivivunje kwa vidole, kata mbali kidogo kwa kikata kucha, kisha malizia kwa msasa. Na kipande kikianguka, msinyanyue mguu. Kaa kama ulivyo, omba tochi, ilaze sakafuni, mwanga utambae. Kipande kidogo kina kivuli kirefu. Mimi niliwahi kutafuta usukani kwa siku mbili, nikamshuku paka, nikamfuata paka hadi sokoni, na usukani ulikuwa umenasa kwenye upindo wa kikoi changu.

Sasa maji. Zile stika za namba na nembo huloweshwa majini ili ziteleze kutoka kwenye karatasi yake. Vitabu vya maelezo husema "maji," havisemi maji gani, maana walioviandika hawajakaa kwetu. Mara ya kwanza nilitumia maji ya kisima. Asubuhi nikakuta gari langu jekundu limeota weupe ubavuni kama papa aliyeanikwa. Nilikaa nalo mapajani nikiwaza kama ni ukungu, kama ni sumu, kama nimeivuta. Bi Zena alipita na kikombe chake cha kahawa.

"Kwani nguo ya Idi waifua kwa mai ya kisima?"

Tangu hapo nina chupa ya maji ya mvua. Sasa mnayo ninyi. Msiinywe.

Rangi ikiwa mbichi, msiiguse kuona kama imekauka. Najua mtaigusa. Gari langu la kumi na nne lina alama ya kidole changu juu ya paa mpaka leo, na siku mhalifu akitafutwa Amu mimi nitapatikana mapema. Siku za unyevu mwingi msipake kabisa. Rangi huganda na weupe wa unyevu ndani yake, na hakuna dua ya kuutoa.

Na usukani. Maboksi mengi hutoka nchi ambazo dereva hukaa kushoto. Magari yangu tisa ya mwanzo yote yana usukani kushoto, na mtaani kwetu hakuna aliyeniambia neno, kwa sababu hakuna aliyekuwa na habari. Niligundua siku nilipopanda basi kwenda chuo, nimekaa nyuma ya dereva, na dereva yuko kulia. Safari nzima hadi Mombasa niliitumia kuamua kama nishuke nirudi nikayarekebishe. Sikushuka, lakini pia sikulala.

Hayo ni ya kawaida. Mtakosea hayo na mengine, mtapona. Ninalotaka kuwaeleza hasa ni la pikapu, gari la arobaini na moja, maana humo nilikosea kosa ambalo mtu wa bara hawezi kulikosea hata akilewa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa ujenzi, na nina mwaka na nusu nyumbani nikituma maombi ya kazi. Mjini nilijulikana kama "yule wa vigari." Asubuhi moja akaja mtu mnene, mpole, akaketi kwenye benchi la mawe la daka letu, baraza ya mlangoni, bila kuegemea. Alikuwa Bwana Kombo, mfanyabiashara wa kamba mawe, wale kamba wakubwa wa miambani, kutoka Kizingitini. Akatoa bahasha, ndani picha mbili za pikapu nyeupe.

"Nataka hili," alisema. "Lakini si jipya. Nalitaka lilivyokuwa mwisho wake. Chakavu."

Nikamwambia huwa naunga magari mapya mapya, yanayong'aa. Akasema kama hatujasikizana, basi atanieleza.

Pikapu ilikuwa yake kwa karatasi, lakini miaka kumi na tisa iliendeshwa na kaka yake, Bwana Lali. Kamba walivuliwa kisiwani Pate, wakavushwa kwa mashua hadi Mokowe, na hapo Bwana Lali aliwapakia, akawafikisha Malindi wangali hai. Mwaka uliopita, gari limesimama likipakiwa, Bwana Lali alipigwa na kiharusi akiwa kwenye kiti cha dereva. Alilazwa wiki nyingi. Katika wiki hizo Bwana Kombo aliuza pikapu kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kaka mtu alirudi nyumbani Kizingitini, mkono wa kushoto umelala, mguu unaburuta, na neno la kwanza aliloweza kulisema vizuri lilikuwa "ufunguo." Ikabidi aambiwe.

"Tangu siku ile," Bwana Kombo alisema, "nikimwambia assalamu alaykum, huniitikia waalaykumu salam. Basi. Miezi minane sasa. Kununiana zaidi ya siku tatu ni haramu, na kaka yangu ni mtu wa dini, kwa hivyo salamu haninyimi. Ananinyima yote mengine."

"Umejaribu kumwomba radhi?"

"Nilipeleka mbuzi. Akamrudisha kwa mkono wa bintiye, amenenepa kuliko nilivyompeleka."

"Na gari dogo litafanya nini?"

Lilikuwa swali la kipumbavu na nililijutia kabla halijatoka. Bwana Kombo alizitazama zile picha.

"Sijui. Lakini mbuzi siwezi tena."

Sikulala. Nilijiambia kama nikiunga vibaya, ndugu wawili watakufa hawasemezani na sababu itakuwa mimi. Bi Zena akaniambia wamenuniana bila msaada wangu, niache kujipa cheo.

Kazi ilichukua wiki tano. Sikupata boksi la pikapu ile hasa. Nilichukua la pikapu inayokaribiana nayo, nikakata kibanda cha dereva, nikakifupisha, nikahamisha usukani kulia. Shida ilikuwa picha. Katika zote mbili watu wamesimama mbele ya gari wakicheka, na makreti yamepangwa chini, hata kuanzia nusu ya milango kwenda chini hakuonekani kitu. Na chini ndiko kunakochakaa gari. Hilo nililijua kwa kusikia.

Nilichokijua mimi ni bahari. Nimekulia pwani, nimesoma vyuma. Darasani tulifundishwa kwamba nguzo ya chuma iliyosimama baharini hailiwi sana na kutu penye maji siku zote, wala penye ukavu siku zote; inaliwa zaidi hapo katikati, panapopigwa na mawimbi, pakalowa, pakakauka, pakalowa tena. Nilipata alama nzuri katika somo hilo. Nikawaza: gari la kamba mawe, Mokowe, chumvi, miaka kumi na tisa. Nikachora michoro. Nikapima urefu. Nikajadiliana na nafsi yangu siku nne, na nafsi yangu ikakubaliana nami kila mara, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Njia ya kuchakaza niwape, maana njia yenyewe ni nzuri. Paka kwanza rangi ya kutu. Ikikauka, lowesha kidogo mahali unapotaka, unyunyizie chumvi ya jikoni. Juu yake paka rangi ya gari, hapa nyeupe. Ikikauka, pangusa chumvi kwa brashi ngumu. Punje zinatoka na rangi yake, na kutu ya chini inachungulia kama imekula miaka. Kingo za milango na madirisha zitie kutu kidogo kwa kipande cha sponji. Ni uzuri wa ajabu. Nilizungusha kutu hiyo gari zima, nyuma, mbele na ubavuni, mstari ulionyooka kwa kimo kimoja, chini kidogo ya vitasa vya milango.

Bwana Kombo alipokuja kuliona alifunika mdomo kwa kiganja. "Mashallah. Ndilo lenyewe."

Bi Zena alilishika mbali na uso, kwa sababu ya macho yake. "Mimi gari silijui," alisema. "Lakini mbona lavaa mshipi?"

Nikamweleza habari ya nguzo za baharini. Akanirudishia gari.

Safari ya kulipeleka nililishona. Ndiyo, kulishona: msifunike gari kwa pamba, nyuzi zake hunasa kwenye wipa na kila penye ncha. Pitisha uzi chini ya ekseli, ufunge kwenye kitako cha kopo la keki, gari lisimame katikati bila kugusa popote. Nikapanda mashua hadi Mtangawanda, kisiwani Pate, kopo mapajani, na tulipofika gatini nilitazama vyuma vilivyomo majini. Mstari wa kutu, mnyoofu, kimo kimoja. Nilifurahi. Nililifungua kopo kidogo nikalinganisha. Jamani, nilifurahi.

Kutoka hapo nikachukua pikipiki. Kabla ya Siyu njia ni mashimo, nami nikamwomba dereva aende taratibu.

"Umebeba mayai?"

"Gari."

"Gari ndani ya kopo la keki?"

"Ndiyo."

"Basi lishushe utuendeshe, mimi nipumzike mgongo."

Siyu nilishuka kukagua. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'oka. Nilikibandika nimeegemea ukuta wa mawe, viwiko mbavuni, pumzi nje, dereva akipiga honi. Baada ya hapo nikasimama tu na kopo. Nilikuwa na sababu sita za kurudi Amu na moja ya kuendelea, na ile moja ilikuwa inanisubiri Kizingitini imevaa kanzu safi.

Bwana Kombo alikuwa mlangoni mwa nyumba ya kaka yake. Mwanaisha, binti wa Bwana Lali, alitukaribisha. Baba yake alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto kama kitu cha mgeni alichoombwa akitunze.

"Assalamu alaykum," Bwana Kombo alisema, bado amesimama kizingitini.

"Waalaykumu salam," Bwana Lali akauambia ukuta.

Basi. Ilikuwa kama alivyonieleza. Nikapiga magoti, nikakata nyuzi, nikaliweka gari kwenye kiganja chake cha kulia.

Alilinusa. Aliligeuza akatazama ndani kwa dirisha.

"Usukani uko mahali pake," alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo, lakini maneno yalitoka. Mimi moyoni nikawashukuru watu wote wa lile basi la Mombasa. Kisha dole gumba lake likaufikia ule mstari. Likaufuata ubavuni. Likazunguka nyuma. Likarudi lilipoanzia.

"Nani kalitengeneza?"

"Mimi, Bwana Lali. Fahmi, wa Amu."

"Umesoma?"

"Uhandisi wa ujenzi."

"Naona. Hebu niambie, mwanangu. Gari hili nililiegesha wapi? Ndani ya mai?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza mawimbi. Nilieleza kulowa na kukauka. Nilikuwa nimefika kwenye hewa na chumvi nilipoona mabega yake yanatetema, kichwa kimeinama, sauti haitoki, na nikajua nimemuua. Niliinuka nikamwita Mwanaisha kwa jina kama ninayemjua miaka. Alikuja mbio, akamwinua baba yake uso, na uso ule ulikuwa umelowa machozi kwa kicheko.

"Kombo!" Bwana Lali akaita. Bwana Kombo alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Miezi minane hajasikia jina lake katika kinywa kile. "Kombo, njoo uone! Pikapu imepwelewa!"

Nanyi mnajua kupwelewa: maji yakitoka, chombo kikabaki kimekaa juu ya mchanga, mstari wa maji unaonekana ubavuni kote. Nililitazama gari langu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimetengeneza mashua yenye magurudumu.

Bwana Kombo aliingia, akasimama karibu nasi, mikono haijui pa kwenda.

"Nawe uliliona hili?"

"Nililiona."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mashallah."

"Miaka kumi na tisa, gari lako, hujui kutu ililila wapi?"

"Nililipanda mara mbili tu. Wajua nikiwa garini hutapika."

"Baharini hatapiki, garini atapika," Bwana Lali akaniambia mimi, kama shahidi. "Aibu ya ukoo." Kisha kicheko kikamwisha, kikaondoka usoni chote mara moja. "Basi uliuza kitu usichokijua."

"Nilikijua kiti," Bwana Kombo alisema.

Akaendelea, akitazama chini.

"Siku ile mlango nilikufungulia mimi. Ulikuwa umeushika usukani kwa mkono mmoja, na mmoja umeanguka, na hukunijua. Nikakuita, hukunijua. Baada ya hapo, kila nikishuka Mokowe nalikuta limesimama palepale, kiti kilekile. Watu wakaja kulitaka, nikasema lichukueni. Sikuuza gari, Lali. Nilikiondoa kile kiti machoni pangu."

"Mimi nalidhani umeniona nimekwisha."

"La."

"Ungenambia."

"Ningekwambia lini? Waniitikia salamu tu."

Mimi nilikuwa nahesabu boriti za dari. Zilikuwa kumi na moja, na nilipomaliza nikaanza upya kutoka upande wa pili. Nilikuwa nawaza kama nitoke, na kama nikitoka nichukue kopo, na kama nikiacha kopo wataona nimekimbia.

"Mwanaisha," Bwana Lali akasema, "mletee ami yako kigoda." Kisha akanigeukia. "Rangi unazo?"

Huwa ninazo. Nanyi muwe nazo siku zote.

"Sasa sikiza. Kamba husafiri wamefunikwa magunia mabichi. Mai yake hutiririka nyuma, kwenye sakafu, yakatokea penye bawaba ya mlango wa nyuma. Ya kushoto. Si zote mbili. Kwa sababu Mokowe naliegesha penye mteremko. Hapo ndipo kutu, na michirizi yake hushuka hivi, hadi kwenye bampa. Hapa mbele pana bonde: nilimgonga ng'ombe wa Witu. Ng'ombe alikuwa mzima, akaenda zake. Na hapa juu ya mlango wangu..." Dole gumba lilisimama ukingoni mwa dirisha la dereva. "Hapa umeweka kutu. Itoe. Hapa hapana kutu. Hapa pana kiwiko."

"Kiwiko?"

"Rangi imetoka, chuma chang'aa. Miaka kumi na tisa nimeweka mkono hapa."

Mkono aliokuwa akiuweka hapo dirishani ni wa kulia, ule mzima. Alipoutaja aliukunja hewani, ukakaa kama umeliona dirisha.

"Na kiti cha abiria?" niliuliza. Nilikuwa nimekipasua kidogo kwa kisu ili kionekane kimetumika.

"Kizibe. Kile kilikuwa kipya." Akamtazama ndugu yake. "Hapakukaa mtu."

Nilibaki Kizingitini siku mbili. Mchana nilikwangua mstari wangu kwa msasa uliolowa, nusu kiganja kwa saa, nikapaka nyeupe, nikasubiri, nikatia kutu kwa sindano ya kofia aliyonipa Bi Zena mahali nilipoambiwa na si pengine. Bwana Kombo alishika tochi. Kila baada ya muda aliuliza, "Na hapa?" na kaka yake akamweleza: hapa ni lango la forodhani lilinikwangua, hapa ni mtoto wako Shee, aliandika jina kwa msumari, ukaniambia nisimpige. "Mimi nilikwambia?" "Wewe." Na hapa? Na hapa? Siku ya pili niliacha kuinua kichwa. Sidhani kama walikumbuka nipo.

Ningetaka kuwaandikia funzo la haya, lakini kila nikilianza linageuka maneno ya kanga. Chukueni tu hili la kazi: kabla hujachakaza gari, mtafute aliyekuwa akiliosha. Akikosekana, liache jipya.

Baada ya pikapu nilijaribu gari la arobaini na mbili. Lilikuwa zuri, lina milango inayofunguka. Nililikalia wiki sita nikijiuliza dereva wake aliegemea wapi, na hana dereva, ni boksi. Kisha ikaja kazi hii ya Mokowe, na chumba kisicho na meza, na vumbi ambalo lingeingia kwenye rangi hata ukipaka ndani ya jeneza. Nikawaita ninyi mkagawana vifaa. Watu wa kwetu waliuliza kama ninaumwa.

Siumwi. Ila sasa naishi katikati ya magari na siwezi kupita moja bila kuinama. Mradi mzima unajua. Madereva wamenipa jina, sitaliandika.

Juzi asubuhi nilitumwa gatini kupokea mabomba. Maji yalikuwa yametoka. Nikaona pikapu ya kijani inarudi nyuma taratibu, ikashuka kwenye mteremko, ikapita ukingo, ikaingia baharini. Dereva hakuwa na wasiwasi wowote. Alirudi hadi mashua ikawa karibu, maji yakafika chini kidogo ya vitasa vya milango, akazima injini, akaanza kupakia. Alipotoka, gari likichuruzika, niliona ubavuni mwake mstari wa kutu. Mnyoofu. Kimo kimoja. Gari zima.

Nilipiga picha tatu. Kisha nikakaa juu ya bomba nikamwandikia Bwana Lali ujumbe, nikaufuta, nikaandika. Nilihofu ataona najitetea. Nilihofu ataona namcheka. Nilihofu kumkumbusha Mokowe. Bwana Lali hana simu, hutumia ya Mwanaisha, na sikujua Mwanaisha atausoma kwa sauti gani. Mwishowe niliituma picha moja, bila neno.

Jibu lilikuja kwa sauti. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, saa ambayo mfanyabiashara wa kamba anatakiwa awe kwenye mizani yake. Lakini sauti ilikuwa ya Bwana Kombo.

"Fahmi, tumeiona. Kaka asema, mwambie dereva huyo..." Hapo akashindwa, akacheka, akaanza tena. "Asema mwambie dereva..." Akashindwa tena. Na nyuma yake, karibu na dirisha, ule ulimi mzito ukipiga kelele:

"Muulize kama ana nanga!"